Nusu ya Nyuma ya Farasi

Shemeji yangu Verner Toft alifanya mambo mengi ya maana duniani. Alikamua ng'ombe miaka arobaini, akalea mabinti watatu bila kumpiga hata mmoja, akaezeka paa la nyumba yake mwenyewe, na paa hilo halivuji mpaka leo, labda upande wa jikoni tu. Lakini ungemwuliza yeye, angekwambia maisha yake yalikuwa na siku moja ya kuhesabika: Jumapili ya tarehe kumi na mbili Mei, mwaka 1957, siku ilipofunguliwa bustani ya michezo ya Bøgelund, naye akiwa ndani ya farasi. Nusu ya nyuma.

Farasi mwenyewe alikuwa wa turubai, kazi ya fundi wa magodoro wa parokia yetu. Mtu wa mbele alisimama wima, akashika kichwa cha mbao na kuchungulia kupitia meno. Alimwona meya, aliwaona wasichana, alipigiwa makofi. Wa nyuma aliinama siku nzima, kashika kiuno cha mwenzake, na alichokiona tangu asubuhi hadi jioni ni suruali. Mbele alikuwa Palle Lynge, mtoto wa fundi baiskeli. Na nyuma, kwa mujibu wa shemeji yangu, alikuwa shemeji yangu.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa na surua, nimefungiwa chumbani, mapazia yameshushwa, huku parokia nzima ikipita dirishani na bendera ndogo mkononi. Surua hiyo sijaisamehe hadi leo.

Dada yangu Gudrun alikuwepo. Alikuwa akiuza kahawa na maandazi ya mdalasini mbele ya ziwa la mashua. Ilipogonga saa tisa, saa ambayo kwetu mtu hunywa kahawa hata kama zizi linaungua, farasi akasimama mbele ya meza yake. Mkono ukatoka kwenye mshono wa tumbo, kiganja juu, ukasubiri. Gudrun akaweka andazi. Mkono ukarudi ndani. Baada ya dakika moja ukatoka tena.

"Nilimpenda kabla sijamwona uso," dada alikuwa akisema. "Na nilipouona uso, nilikuwa nimeshachelewa."

Hadithi hiyo tuliisikia kila sikukuu ya kuzaliwa, kila ubatizo, kila Krismasi. Wajukuu waliijua kabla ya kujua kusali. Na nyumba ya pili barabarani, mama yake Palle alikuwa na hadithi yake: ndani ya farasi yule, nyuma, alikuwamo mwanawe mdogo, Egon. Egon alifariki majira ya baridi yaliyofuata, pikipiki ilimteleza kwenye barafu, akiwa na miaka ishirini. Mama yule alisimulia hivyo hadi alipokufa mwaka 1990. Hadithi hizo mbili ziliishi jirani miaka yote bila kugombana, kwa sababu kwetu hakuna anayembishia mtu mezani pa kahawa. Unasema, "Kumbe," unachukua kipande kingine cha keki.

Amani hiyo ilivunjwa na kopo la biskuti.

Ilikuwa mwaka 2007. Bustani ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na mjane wa mpiga picha wa zamani, alipokuwa anahama nyumba, akaleta kopo hilo kwenye chumba chetu cha kumbukumbu kilichopo nyuma ya maktaba. Ndani mlikuwa na picha mia mbili za miezi ya mwanzo. Lo, tulicheka. Treni ya watoto ilikuwa ikivutwa na mashine ya kukatia nyasi. "Mlima wa Uswisi" ulikuwa rundo la udongo uliochimbwa ziwani, na kileleni pake pamefungwa mbuzi mmoja aliyekasirika. Pango la kutisha lilikuwa ghala la viazi, na majitu yake mawili yote yalikuwa yamevaa makoti ya kasisi wetu wa zamani. Kwenye picha moja meya amekwama katika kikombe cha bembea ya kuzunguka, wanaume wanne wanamvuta, na mke wake anakula aiskrimu bila wasiwasi.

Kila Jumanne saa nane, sisi wazee tulikutana pale kuzipa picha majina. Kazi ina utaratibu wake. Juu ya picha unaweka karatasi nyembamba inayopenyesha mwanga, unachora duara kwenye kila kichwa, unaliwekea kila duara namba, halafu jina la kila namba linaingia daftarini. Na daftari lilikuwa la Mwalimu Ragnhild.

Mwalimu Ragnhild alikuwa na miaka themanini na minane. Alitufundisha sote kusoma, mimi, Verner, Palle, mpaka kasisi, na sote tulikuwa bado tunamwogopa. Sheria yake ilikuwa moja: kila jina mashahidi wawili waliokuwepo, na mmoja wao lazima awe mtu baki, si ndugu wala mume wala mke. Aliitunga baada ya familia mbili kumdai babu mmoja, mpaka wakarushiana chupa ya maziwa ya kahawa. Jina likikosa mashahidi, linaandikwa "hajulikani".

Picha ya farasi ilikuwa namba mia moja na kumi na nne. Siku ya zamu yake Verner alikuja na shati la kanisani.

Ilikuwa picha safi kabisa. Gudrun amesimama na sinia, msichana wa miaka kumi na tisa, anacheka. Mbele yake farasi, na kutoka tumboni mwa farasi mkono umetoka, umeshika andazi.

"Namba moja, Gudrun," akasema Mwalimu. "Namba mbili, mbele ya farasi, Palle. Namba tatu?"

"Mimi," akasema Verner.

"Egon, mdogo wangu," akasema Palle, wakati huohuo.

Kwenye kona mashine ya kahawa ikakoroma.

"Palle, bwana wee," akasema Verner kwa upole, "kichwa kimeanza kuchoka lini?"

"Egon alifanya mazoezi Aprili nzima. Kila mtu anajua."

"Mazoezi alifanya, sikatai. Siku yenyewe nani alikuwa anavuta harufu ya suruali yako?"

"Mkono huo una vidole vitano kamili," akasema Palle, akagonga picha kwa kijiko. "Wewe unavyo vinne na nusu."

"Hicho kilikatwa na mashine mwaka sitini na moja. Wewe mwenyewe ulinipeleka hospitali."

"Nakumbuka kukupeleka. Mwaka siukumbuki."

Nikaingilia. "Palle, huna haya. Mashine yenyewe ilikuwa ya baba yenu."

"Ebba, wewe ulikuwa na surua," akasema Mwalimu Ragnhild, nami nikafyata ulimi. Akamgeukia Verner. "Mashahidi?"

"Gudrun."

"Mke. Anahesabika mmoja. Mtu baki?"

Verner akazungusha macho. Waliokuwepo siku ile na bado wana akili zao walikuwa wachache, na hakuna aliyeona ndani ya turubai.

"Palle, na wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Ndugu. Mmoja. Mtu baki?"

Palle hakuwa naye pia. Mwalimu akachukua penseli akaandika: namba tatu, hajulikani. Akafunua ukurasa uliofuata.

Ungemwona Verner njia nzima tukirudi. Mtu aliyezika wazazi bila chozi alikuwa anatembea kama kuku aliyenyeshewa mvua.

"Wajukuu wote wanakuja kutoka Kopenhagen," akaniambia. "Kila picha itakuwa na majina chini yake. Signe atasoma: mbele Palle Lynge, nyuma hajulikani. Maisha yangu yote nimewaambia ni mimi. Wataniona mwongo, Ebba."

"Wataona Mwalimu Ragnhild ni mkaidi."

"Hawamjui Mwalimu Ragnhild. Wananijua mimi."

Hapo alikuwa anasema kweli.

Basi akaanza kusaka shahidi. Alipiga simu mpaka sikio likawa jekundu. Alikwenda nyumba ya wazee kumwona bibi aliyekuwa akikata tiketi mlangoni, akampelekea maua. Bibi alimkumbuka mnyama vizuri sana, ila aliapa alikuwa ng'ombe, na kwamba ng'ombe huyo alimkanyaga. Mzee wa chumba cha pili yeye alisema ndiye aliyekuwa meya. Verner akaomba chai akarudi nyumbani.

Kisha akaja na mbinu ya kisayansi. Alivaa viatu vyake vya zamani vya mbao, akainama uani, mikono mbele hewani, na kumwamuru Gudrun ampige picha za miguu kwa ubavu ili zilinganishwe na namba mia moja na kumi na nne. Jirani akapita na baiskeli, akamwona vile, akashuka kumpa pole ya mgongo. Alimpa na jina la daktari. Gudrun alicheka hadi kamera ikapiga picha ya anga.

"Hebu acha, mume wangu," akamwambia. "Mimi najua mkono nilioupa andazi."

"Wewe ni nusu shahidi," akasema Verner, akaingia ndani.

Wiki mbili kabla ya sherehe, bustani ikamwandikia Palle barua. Walikuwa wameshona farasi mpya kwa mfano wa yule wa zamani, na walitaka Palle aingie mbele. Nyuma aingie yeyote. Palle aliuliza parokia nzima. Vijana walikuwa na magoti lakini hawakuwa na hamu, na wazee walikuwa na hamu lakini hawakuwa na magoti. Mwishowe Verner akasema ataingia.

"Unataka kujifedhehesha?" nikamwuliza.

"Nikishindwa kuandikwa, angalau niwemo."

Mazoezi yalifanyika Alhamisi asubuhi, bustani ikiwa na watu wachache tu. Nilipewa kamba niwaongoze, kwa sababu Palle bila miwani haoni, na miwani haiingii katika kichwa cha farasi. Wale wawili hawakuwa wamesemeshana tangu Jumanne ile. Mmoja akaingia huku, mwingine kule, nikafunga vifungo, na yule mnyama akaanza kutembea. Walikuwa na nyonga mbili za chuma kwa jumla, na zote zilikuwa upande wa kushoto. Farasi alikuwa anapinda kulia. Nilimtoa kwenye maua mara tatu.

"Inua mguu," sauti ya Palle ikasema ndani.

"Nimeuinua. Shusha wako."

"Usinishike hapo."

"Pa kushika ni hapo tu, umenenepa."

Tulipofika nyuma ya duka la soseji, karibu na vyoo, farasi akasimama. Nikavuta kamba. Hakwenda.

"Umechoka?" nikauliza.

Palle hakunijibu mimi. Alikuwa anaongea na wa nyuma, taratibu, na turubai ile haizuii sauti.

"Ilikuwa hapa, Verner."

"Najua ilikuwa hapa. Uliniita nikiwa nimeshika baiskeli."

Sasa wote wawili wamelala makaburini, kila mmoja na jiwe lake, na mimi hakuna aliyeniapisha. Kwa hiyo nitasema nilichosikia.

Asubuhi ile ya 1957, mwenye duka alikuwa anajaribu majiko yake, akamwita Egon aonje soseji. Egon akaonja kumi na moja. Dakika kumi kabla ya meya kufika, akiwa tayari kavaa miguu ya farasi, tumbo likamkata, akakimbilia chooni, na humo akashinda mpaka jioni. Palle akatoka mbio, akamwona Verner, akamvika.

"Alilia mle ndani," Palle akasema. "Mtoto wa watu alikuwa amefanya mazoezi mwezi mzima. Akaniomba kupitia mlango: usimwambie mama. Mama alikuwa ametembea kilomita tisa kuja kumwona. Nikamwambia sitasema. Tulipopita, mama akaja, akapigapiga makalio ya farasi, akasema, 'Vizuri, Egon wangu.'"

"Nakumbuka," akasema Verner. "Nilidhani ni mke wa meya."

Palle akavuta pumzi, na kichwa cha farasi kikatikisika.

"Tulikuwa na picha yake moja tu, ya kipaimara. Mama alitaka azikwe nayo, tukamzika nayo. Mimi sina hata moja. Miaka hamsini sasa, Verner. Kuna siku uso wake hauniji kabisa. Halafu ikatoka hii picha, na mkono ule. Najua ni wako. Lakini nikiutazama kwa muda, naweza kufikiri ni wake."

Mama mmoja akapita na binti mdogo. Binti akasimama, akatazama juu.

"Mama, farasi analia."

"Ana mafua," nikasema, na mimi mwenyewe nilikuwa naona kwa shida.

Nusu ya nyuma haikusogea. Nilidhani labda nyonga imekwama.

"Twende, Palle," Verner akasema hatimaye. "Mgongo unaniua."

Kesho yake akavaa tena lile shati la kanisani. Nilijua anakwenda wapi, nikamfuata. Mwalimu Ragnhild alikuwa peke yake, anabandika majina ya maonyesho.

"Mwalimu, nimekuja kutoa ushahidi. Picha mia moja na kumi na nne, namba tatu. Ni Egon Lynge. Palle ndugu, mimi mtu baki. Wawili."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ulikuwepo, Verner?"

"Nilikuwepo."

"Ulimwona Egon?"

"Nilimwona kwa karibu sana."

"Akiwa amevaa farasi?"

"Akiwa amevaa miguu ya farasi. Hiyo naapa."

"Masikio yako yamekuwa mekundu. Yalikuwa hivyo hivyo darasa la pili, ulipokula tufaha langu."

"Ni jua, Mwalimu."

"Tumo ndani ya nyumba."

Wakatazamana. Mwanamke yule hakuwahi kumvumilia mtu koma iliyokosewa. Akafungua daftari, akafuta neno "hajulikani" kwa kifutio, akapuliza vumbi, akaandika jina la Egon. Kwa wino.

Nyumbani Gudrun alipoambiwa alikaa chini na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Kwa hiyo imeandikwa kwamba andazi langu nilimpa Egon Lynge."

"Ndiyo."

"Basi miaka arobaini na minane nimelala na nani?"

"Na mimi. Pole."

Alimtupia kitambaa usoni. Alikuwa na hasira ya kweli, si ya mchezo, kwa sababu siku ile ilikuwa yake pia. Akatoka uani, akazunguka nyumba mara mbili, akarudi akachemsha kahawa.

Sherehe ilifanyika Jumapili. Farasi mpya alipita mbele ya bendi, akashangiliwa, akaingia kwenye maua mara moja tu. Baadaye watu wakajaa ukumbini kutazama picha. Ile ya farasi ilikuzwa ikawa kubwa kama mlango, na chini yake: Gudrun Toft, Palle Lynge, Egon Lynge. Palle alisimama mbele yake amevaa tai, mikono nyuma, hasogei kwenda popote.

Signe, mjukuu mkubwa, akasoma. Akasoma tena.

"Babu, ulituambia ni wewe."

"Nilitia chumvi, mwanangu," akasema Verner. "Mzee hutia chumvi."

Signe akanitazama mimi, nikatazama viatu vyangu. Nilitamani kupiga kelele. Palle alikuwa amegeuka, uso umemwiva, anafungua kinywa. Verner akamkanyaga mguu, na alikuwa amevaa viatu vya mbao.

Wakati huohuo akafika mwandishi wa gazeti letu, mwanamke kijana mwenye haraka, kalamu tayari. Alikuwa akiwauliza wazee wote swali moja.

"Na wewe, mzee, siku ile ya ufunguzi ulikuwa wapi?"

Verner akautazama ule mkono pichani, mkubwa kama jembe, na andazi lake. Akaiweka sawa kola yake.

"Mimi nilishinda chooni," akasema. "Nilikula soseji kumi na moja."

Ukumbi mzima ukacheka. Palle peke yake hakucheka. Aligeukia ukuta, akatoa leso, mabega yakaanza kumtikisika, na Verner akaenda kusimama nyuma yake, akamshika kiunoni.

Gudrun aliwaambia wajukuu ukweli wote ndani ya gari, akawaapisha. Lakini gazeti halikuwamo garini. Jumatatu liliandika soseji zote kumi na moja, ukurasa wa tatu, na jina la Verner Toft limeandikwa kamili, bila kosa hata moja.